Likizo Milimani na Swali la Mizani

Mtumishi wa umma katika nchi yetu anapoomba likizo hujaza fomu, na katika fomu hiyo kuna mahali panapomtaka aeleze atakuwa wapi kwa siku zote atakazokuwa nje ya kituo chake cha kazi. Wengi wetu hujaza mahali hapo bila kufikiri: jina la kijiji, kata na wilaya tulikozaliwa. Hata nauli ya likizo, ambayo hulipwa mara moja katika kila miaka miwili, huhesabiwa kwa safari ya kwenda huko kwetu na kurudi. Kwa hiyo dola yenyewe inaamini kwamba mtu anayepumzika ni mtu aliyekwenda kwao. Na kwao, kama kila mtumishi ajuavyo, hakuna kupumzika. Kuna paa la kuezeka, kuna ada ya mtoto wa dada, kuna msiba ambao hukuuhudhuria, na kuna kikao cha ukoo kilichoahirishwa mara mbili kikimsubiri msomi afike.

Sisemi haya kwa kulalamika. Kwenda kwetu ni wajibu, na mtu asiyekwenda kwao siku moja hujikuta hana pa kwenda. Lakini mwaka huu familia yangu iliamua kufanya jambo jingine. Mke wangu ni mwalimu wa sekondari mjini Geita, mimi nafundisha chuo kikuu, na kwetu ni kijiji kimoja cha Shinyanga Vijijini ambako mama yangu bado analima pamba na mtama. Mwezi Juni, shule zilipofungwa, tuliwachukua watoto wetu watatu tukaenda Lushoto, mkoani Tanga, kwa siku saba, kwa sababu moja tu: kupumzika. Siku hizo saba zilinifanya nilitazame upya swali ambalo wanafunzi wangu hulisoma kwa lugha ngumu ya vitabu. Nalo ni hili: katika nchi hii, nani ana haki ya kupumzika, na haki hiyo hutoka wapi?

Mjadala ulianzia nyumbani. Tulipita kijijini kumuaga mama, kwa kuwa njia ya kwenda Arusha ni ileile inayopita Shinyanga. Shangazi yangu, ambaye hana desturi ya kumung'unya maneno, alisema pesa za nauli ya watu sita zingetosha mabati ya jiko la mama. Hakukosea hesabu. Mama yeye aliuliza swali moja tu: "Hiyo Lushoto iko wapi?" Nikamjibu kwamba iko Tanga, juu ya milima. Akanyamaza kidogo, kisha akasema, "Tanga alikwenda babu yako. Alikwenda kwa namba."

Vijana wanaosoma makala haya huenda wasilielewe neno hilo, kwa hiyo nieleze. Mkonge uliletwa nchini mwaka 1893, na mashamba yake yalipopanuka katika Tanga na kandokando ya mto Pangani, yalihitaji mikono mingi kuliko iliyopatikana jirani. Mawakala wa wenye mashamba walikwenda hadi Unyamwezi na Usukuma kutafuta vijana. Kijana aliandikwa, akapewa namba, na namba hiyo ndiyo iliyomtambulisha kambini. Ndipo likazaliwa neno manamba. Kazi ilihesabiwa kwa kipande: siku 30 za kazi zikishakamilika na kutiwa alama, ndipo ujira ulipotolewa. Siku ambayo mtu aliugua haikuingia kwenye kipande. Babu yangu alikata mkonge karibu na Mombo, chini kabisa ya milima ya Usambara, na katika masimulizi yake machache aliyomwachia mama limo hili: kila asubuhi waliyaona mawingu yamekaa juu ya mlima, wakaambiwa kwamba huko ndiko mabwana wanakopanda kwenda kupoa.

"Basi mkapaone," mama alisema, akatufungia michembe ya njiani.

Msafiri wa sita alikuwa mdogo wangu. Yeye ni mchimbaji mdogo wa dhahabu huko Nyarugusu, na duara lake lilikuwa limejaa maji baada ya pampu kuharibika. Likizo yake, kama alivyosema mwenyewe, ilisainiwa na maji. Alikuwa na umri wa miaka thelathini na minne na hajawahi kusafiri nje ya Kanda ya Ziwa pasipo kwenda kutafuta kazi au kuzika.

Ukitoka Shinyanga kwenda Usambara unaivuka nchi nzima ya ukame. Tinde, Nzega, Igunga, kisha mteremko wa Sekenke na mawe ya Singida; baadaye Babati, Arusha, na ile barabara ndefu inayoteremka kandokando ya milima ya Upare hadi Same na Mombo. Mombo ni joto na vumbi. Hapo gari linaacha barabara kuu, linaanza kupanda kwa kujikunja kandokando ya korongo, na katika muda usiofika saa mbili unaingia katika hali nyingine ya hewa. Tulipopita Soni ukungu ulikuwa umeshuka hadi barabarani. Mwanangu mdogo alivuta pumzi, akaiona ikimtoka mdomoni kama moshi, akaogopa, kisha akacheka na kurudia mara ishirini.

Ni vyema tujue kwamba mahali pa namna hii hapakuwa pa mapumziko kwa bahati tu. Katika karne ya 19 wakoloni wa Kizungu walilichukia joto la tambarare na kuziogopa homa zake, wakatafuta vilele vya baridi vya kukimbilia. Waingereza nchini India walikuwa na Shimla, waliyoifanya makao makuu ya serikali yao ya kiangazi tangu mwaka 1864, na walikuwa na Darjeeling, ambako mapumziko na chai vilikua pamoja. Wajerumani hapa kwetu walikuwa na Lushoto, wakaiita Wilhelmstal, yaani bonde la Wilhelm, kwa heshima ya mfalme wao. Reli iliyoanza kujengwa Tanga mwaka 1893 ilifika Mombo mwaka 1905, na kutoka hapo wakubwa walipanda mlimani.

Lakini mtu hawezi kupumzika katika nchi ya wengine bila wengine hao kufanya kazi. Mwaka 1907 ilianzishwa katika wilaya hiyohiyo ya Wilhelmstal kadi ya kazi. Kila mwanamume wa Usambara alipewa kadi iliyomlazimu kumfanyia kazi mlowezi kwa siku 30 katika kila miezi minne, kwa ujira uliopangwa na wengine. Asipoitimiza, alipelekwa kwa nguvu kwenye kazi za serikali. Naomba msomaji aliweke jambo hili akilini. Wilaya iliyosifiwa kwa hewa yake ya kupumzikia ndiyo iliyobuni kadi ya kuwanyima wenyeji wake muda wao. Na mambo hayo mawili hayakugongana kwa nasibu, kwa maana lile la kwanza lilisimama juu ya la pili.

Siku ya tatu tulikwenda Irente. Ni ukingo wa jabali, si mbali na mji wa Lushoto, ambapo mlima unakatika ghafla na tambarare inaonekana mamia ya mita chini. Tulipofika hatukuona chochote isipokuwa weupe. Tukakaa, tukala michembe ya mama, tukangoja. Karibu saa tano ukungu ukaanza kupasuka, na chini yetu yakatokea mashamba ya mkonge ya upande wa Mazinde, yamepangwa kwa mistari iliyonyooka kama daftari la mtoto. Binti yangu mkubwa, aliye kidato cha tatu, aliuliza ni nini kile. Mdogo wangu akamjibu kabla yangu: "Ndipo alipokuwa babu yetu." Hakuna aliyesema neno kwa muda. Watalii wawili waliokuwa jirani walipiga picha. Ni mandhari nzuri sana, wala sitaki kuukana uzuri huo. Nasema tu kwamba mtu anayeitazama kutoka juu na mtu aliyekuwa akitazama juu kutoka kwenye mistari ile walikuwa wakitazama kitu kimoja, na mmoja wao tu ndiye aliyeruhusiwa kukiita kizuri.

Kesho yake tuliifuata chai upande wa Bumbuli. Zao hili halina miaka mingi nchini: Wajerumani walilijaribu mwanzoni mwa karne iliyopita kwenye taasisi yao ya utafiti wa kilimo ya Amani, Usambara ya mashariki, iliyoanzishwa mwaka 1902, na kilimo chake cha biashara kilishika kasi wakati wa Waingereza. Mtu anayeliona shamba la chai kwa mara ya kwanza hudhani ameona maumbile. Kilima chote ni kijani, laini, kimekatwa sawasawa kama zulia, na ukungu unapita juu yake polepole. Mke wangu alisema pangefaa kuwekwa kwenye kalenda. Mama mmoja mzee aliyekuwa akichuma alitusikia, akatukaribisha shambani mwake, lisilozidi nusu ekari. Akatuonyesha mpakani mwa shamba mti mrefu kuliko nyumba, wenye shina nene, akawauliza watoto ni mti gani. Walitaja majina manne. "Ni chai," akasema. "Hii ndiyo chai yenyewe, iliyoachwa."

Mchai, ndugu msomaji, ni mti. Ukiachwa unapanda mita nyingi kwenda juu. Ule usawa wa zulia tunaousafiria na kuupiga picha si wa mti wenyewe; ni wa mikono inayorudi kwenye kila kichaka baada ya wiki moja au mbili, mwaka baada ya mwaka, na kukata majani mawili na chipukizi lake. Binti yangu alimuuliza yule bibi kama naye huenda likizo. Bibi alicheka hadi akaushika mgongo. "Mjukuu wangu, niende wapi? Nikienda mwezi mmoja nitakuta msitu." Hakuwa akitia chumvi. Kiwanda cha chai cha Mponde, katika halmashauri hiyohiyo ya Bumbuli, kilifungwa mwaka 2013 kutokana na mgogoro kati ya wakulima na mwekezaji, kikakaa kimya miaka mingi kabla mifuko ya hifadhi ya jamii haijaingia kukifufua. Katika miaka hiyo ya ukimya wakulima walioikosa soko waliona zulia lao likigeuka pori mbele ya macho yao.

Mchana tulimsindikiza bibi hadi kwenye banda la kukusanyia majani. Hapo kulikuwa na foleni ya watu na magunia, mizani ya kuning'inia, na karani mwenye kitabu. Ukungu ulikuwa umeyalowanisha majani, kwa hiyo karani alipunguza kilo kadhaa katika kila gunia kwa ajili ya maji, nyingine kwa ajili ya gunia lenyewe, akaandika. Hakuna aliyebisha. Mdogo wangu, ambaye siku nzima alikuwa kimya, alisogea karibu akauliza kwa adabu, "Samahani, mizani hii ni ya nani?"

Karani akajibu kwamba ni ya mnunuzi.

"Na wakulima wana ya kwao?"

Karani hakujibu. Bibi ndiye aliyejibu: "Sisi tuna mikono, mwanangu."

Tulipokuwa tukirudi, mdogo wangu aliniambia, "Kaka, hii ni Nyarugusu yenye baridi." Nilimtaka afafanue, na ufafanuzi wake ulikuwa bora kuliko mhadhara wangu wowote wa uchumi wa siasa.

Jani la chai, alisema, halingoji. Likishachumwa linaanza kunyauka na kubadilika, na lisipofika kiwandani siku hiyohiyo halifai. Kwa hiyo mkulima hawezi kulirudisha nyumbani akisubiri bei bora, wala hawezi kubishana na karani hadi kesho. Muda uko upande wa mnunuzi. Dhahabu ni kinyume chake kabisa: haiozi, na unaweza kuitia mfukoni ukakaa nayo miaka kumi. Ingekuwa haki, basi, mchimbaji awe na nguvu kuliko mchuma chai. Lakini mchimbaji anaingia shimoni akiwa na deni la chakula, la dizeli ya pampu, la kamba na magogo. Akitoka na mawe anadaiwa na mwenye karasha, na akiosha anadaiwa na mwenye mwalo na aliyemkopesha zebaki. Kabla dhahabu haijapoa tayari ina wenyewe. "Dhahabu haiozi," alisema, "lakini deni linaiva."

Jani na madini ni vitu viwili vyenye tabia tofauti kabisa, na bado vinamfikisha mzalishaji mahali pamoja, mbele ya mizani isiyo yake, akiwa na haraka isiyo yake. Na bei haipangwi hapo kwenye mizani. Takriban kilo nne na nusu hadi tano za majani mabichi ndizo zinazotoa kilo moja ya chai iliyokauka, na chai hiyo kwa miongo mingi imekuwa ikiuzwa kwa dola katika mnada wa Mombasa, ambao ulianzia Nairobi mwaka 1956 na kuhamia pwani mwaka 1969. Mnada wetu wenyewe wa chai ulianza Dar es Salaam Novemba 2023. Dhahabu nayo bei yake hutoka London. Mbele ya bei hizo hakuna mkulima wala mchimbaji awezaye kufanya lolote. Kinachobaki mikononi mwa watu wa hapa ni kipimo: kilo ngapi, gramu ngapi, zimepunguzwa ngapi, na kwa kanuni gani.

Sisi watu wa Usukuma tunapaswa kulijua jambo hili kuliko wengine wote, kwa kuwa siasa zetu za kisasa zilizaliwa kwenye mizani. Mwanzoni mwa miaka ya 1950 kilio kikubwa cha wakulima wa pamba wa Kanda ya Ziwa kilikuwa kwamba wanunuzi wanawapunja uzani. Hawakuanza kwa kudai uhuru. Walianza kwa kujipanga ili pawe na mtu wao anayesimama karibu na mizani na kusoma mshale. Kutokana na kujipanga huko vilikua vyama vya ushirika, na mwaka 1955 vikaungana kuwa Victoria Federation of Co-operative Unions, chini ya Paul Bomani, muungano uliokuja kuwa miongoni mwa mikubwa zaidi barani Afrika. Miaka mitatu baadaye, mwaka 1958, watu wa Geita walilikataa baraza la wilaya la mseto walilobandikwa na serikali ya kikoloni, na mkoloni akalazimika kurudi nyuma. Watu waliojifunza kuhoji mshale wa mizani hawakushindwa kuhoji baraza. Huko Usambara nako, katika miaka hiyohiyo, wakulima waliyakataa matuta ya lazima waliyoamriwa kuchimba mashambani mwao, kwa kuwa yalidai siku zao bila kuwaongezea chakula.

Tukumbuke pia kwamba mambo yanaweza kubadilishwa na serikali ikitaka. Mwaka 2019 wachimbaji wadogo walifutiwa kodi ya ongezeko la thamani ya asilimia 18 na kodi ya zuio ya asilimia 5, na Machi mwaka huohuo soko la madini likafunguliwa Geita, ambapo dhahabu inapimwa hadharani mbele ya ofisa na bei ya siku imebandikwa ukutani. Mdogo wangu hulisifu soko hilo, nami namwamini, maana hana desturi ya kusifu. Lakini huongeza kwamba dhahabu inayofika sokoni ni ile iliyookoka njiani. Mchimbaji aliyelipwa na mkopeshaji palepale mwaloni hajawahi kuiona ile bei ya ukutani.

Jioni moja binti yangu aliniuliza kwa nini watu hawaji kupumzika kwetu Shinyanga. Nilimweleza kwamba kwetu nako kuna mandhari yaliyotengenezwa kwa mikono. Katika miaka ya 1980 Shinyanga iliitwa jangwa la Tanzania, baada ya misitu kufyekwa ili kuangamiza mbung'o na kupanua mashamba ya pamba. Mwaka 1986 ulianzishwa mradi wa Hifadhi Ardhi Shinyanga, tunaouita HASHI, na mafanikio yake yalikuja pale wataalamu walipoacha kufundisha wakaanza kuuliza. Wazee waliwaonyesha ngitili, yaani utaratibu wa Kisukuma wa kufunga malisho ili majani yabaki kwa ajili ya kiangazi. Kufikia miaka ya mwanzo ya 2000 zaidi ya hekta 300,000 zilikuwa zimerudishiwa uoto, nyingi zikilindwa na familia na vijiji vyenyewe. Hii ni kazi kubwa kuliko zulia la chai, na haina kalenda wala nyumba ya wageni. Binti yangu akasema, "Kwa hiyo pazuri ni pale palipotangazwa." Nilimjibu kwamba ni zaidi ya hapo. Pazuri ni pale ambapo mtu mwenye nafasi ya kupumzika alisimama kwanza.

Sasa nirudi kwenye haki. Ibara ya 24 ya Azimio la Ulimwengu la Haki za Binadamu la mwaka 1948 inasema kila mtu ana haki ya kupumzika na kupata likizo yenye malipo. Sheria yetu ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inampa mwajiriwa siku 28 kwa mwaka. Hizo ni hatua za heshima, na mimi ni mmoja wa wanaofaidika nazo. Lakini sheria hiyo inamtambua mwenye mkataba. Bibi wa Bumbuli hana mwajiri wa kumwomba likizo, mama yangu hana, mdogo wangu hana. Kwao likizo haitolewi kwa barua. Inatolewa na kipimo halali na bei inayojulikana mapema, kwa sababu hivyo tu ndivyo vinavyomwezesha mtu kusema: nimepata ya kutosha mwezi huu, wiki ijayo nitamlipa kijana anichumie, niende kumwona binti yangu. Mtu asiyejua gunia lake litaandikwa kilo ngapi hawezi kupanga hata Jumapili. Hivyo anayeishika mizani anaushika na muda wa mwenzake, na kwa kawaida yeye ndiye anayepumzika.

Kwa hiyo nina maombi matatu. Kwa ndugu zangu watumishi wa halmashauri, Wakala wa Vipimo, Bodi ya Chai na Tume ya Madini: wekeni mizani ya pili, ya uhakiki, katika kila kituo cha kukusanyia majani na pamba na katika kila mwalo uliosajiliwa, na kila kilo inayopunguzwa iandikwe kwenye stakabadhi pamoja na sababu yake. Si jambo la bajeti kubwa, ni jambo la kukubali kuudhi watu wachache. Kwa wanaharakati: tumezoea kupigania mikataba mikubwa, nayo inastahili, lakini msisahau kile kimshale kidogo ambacho mwananchi hukitazama kila siku. Kwa wanafunzi wangu: mkitafuta mada ya utafiti, nendeni mkakae siku thelathini kwenye banda moja la kukusanyia mazao, mpime upya kila gunia, mlete takwimu. Nchi hii ina tasnifu nyingi kuhusu utandawazi na chache mno kuhusu mizani.

Na kuhusu safari zenyewe, sioni kwamba familia ya mwalimu kutembelea nchi yake ni anasa. Wazazi wetu waliijua nchi hii kwa kupelekwa: kwa namba, kwa uhamisho, kwa vita. Watoto wetu wana haki ya kuijua kwa hiari. Mabati ya jiko la mama yatanunuliwa baada ya mavuno, naye amekubali. Tuliporudi alitaka kusikia habari za Irente kabla ya kuuliza habari za barabara, akamtaka mdogo wangu achore kwa kijiti chini mahali mashamba yalipo na mahali mlima ulipo.

Pampu ya Nyarugusu imeshatengenezwa na maji yametolewa. Juzi mdogo wangu alinipigia simu kunieleza kwamba yeye na wenzake wa duara wamenunua mizani yao ndogo ya betri, ya kupimia dhahabu kabla ya kuipeleka kwa mtu yeyote. Gharama yake wamechangiana watu tisa.